AMCOS yetu ikate hela ya bima kwenye malipo ya kahawa, au kila mtu na lake?

*"Habari mtaalamu. Mi ni katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, ya kahawa huku Karagwe mkoani Kagera, tuna wanachama kama 300 hivi. Bodi inataka msimu huu tukate 30,000 ya CHF, ule mfuko wa afya ya jamii, kwa kila mwanachama kwenye malipo ya kahawa, lakini nikiligusia hilo kwa wanachama ni kelele tupu. Wazee wanasema CHF waliijaribu zamani, kadi ikawa haina kazi nje ya zahanati ya kijiji. Wengine wanasema walilipa mwaka juzi hawakuumwa, hela ikaliwa. Wengine zahanati haina dawa sasa kadi ya nini. Vijana ndo wanataka tuanzishe mfuko wetu wenyewe wa matibabu, hela tuwe tunaiona. Na kuna mama mmoja mwanachama ana mtoto wa selimundu, huyo anaitaka kadi kuliko wote. Wenzetu hapo Rwanda karibu kila mtu ana kadi, sisi tunashindwa nini? Tukate tu au tuache kila mtu na lake?"*

Ndugu katibu, pole na kelele, na hongera kwa kuuliza kabla ya kukata, maana bodi nyingi zinakata kwanza halafu swali linafika kwa afisa ushirika likiwa tayari ni kesi. Ulichoniuliza ni maswali mawili yamefungwa pamoja. La kwanza ni kama hii CHF ina faida kwa mkulima wa kahawa, la pili ni kama ushirika una haki ya kumkatia mtu hela yake. Jibu la la kwanza ni ndiyo, ila ina mipaka yake nitakuambia. Jibu la la pili ni hapana kama bodi imeamua peke yake, ndiyo kama wanachama wenyewe wameamua na kila mtu amesaini. Hiyo "kila mtu na lake" nayo sikushauri, nitaeleza kwanini.

Naomba nianzie kwenye butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado shambani kabla ya kuvunwa, sio kwenye bima. Fungua daftari lako la mapokezi ya msimu uliopita uliweke pembeni ya la msimu wa kabla yake, halafu tafuta mwanachama ambaye msimu ule alileta magunia 8 ya maganda, yaani kahawa kavu isiyokobolewa, na huu kaleta 2. Shamba ni lilelile, mibuni ileile, mvua ilinyesha kwa jirani yake vilevile. Muulize taratibu pembeni. Wengine watakuambia ada ya shule, wengine msiba, lakini wengi utakuta mtu aliugua nyumbani mwezi wa 12 au wa kwanza, hela ya kahawa ilishaisha siku nyingi, na yule mnunuzi wa butura akapita shambani akahesabu mibuni kahawa ikiwa bado haijaiva, akatoa hela palepale kwa bei ya kutupa. Serikali imepiga marufuku butura miaka na miaka, lakini mtu mwenye mgonjwa ndani hatasubiri tangazo la mkuu wa wilaya, ataenda kwa mwenye hela.

Kwa hiyo tatizo la mkulima wa kahawa sio tu kwamba matibabu ni ghali. Hela yake inakuja mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 hivi, na ugonjwa hauna msimu. Malaria inapanda baada ya mvua, ajali za bodaboda hazina ratiba, kidole tumbo nacho kinakuja kinavyotaka. Unachofanya na bima ni kulipa ukiwa nayo ili utibiwe siku ambayo huna. Na hapo ndo ushirika unaingia, kwa sababu ni nyie mnaojua siku gani mkulima ana hela mkononi. Afisa mwandikishaji wa CHF akipita mwezi wa pili anakuta watu mifuko mitupu, wanamwambia rudi kesho, na wala hawamdanganyi, hawana.

Sasa hoja za wanachama wako, maana kila moja ina ukweli wake ndani na ukiipuuza utapigwa chini kwenye mkutano.

Wazee wako sahihi kuhusu CHF waliyoijua. Ilianza kwa majaribio Igunga kule Tabora mwaka 1996, sheria yake ikapitishwa 2001, na kwa miaka mingi kila halmashauri ilikuwa na CHF yake na kiwango chake, kaya inalipa 5,000 au 10,000 kutegemea ni wapi, halafu kadi inatumika kwenye zahanati au kituo ulichojiandikisha, basi. Ukiugua umeenda harusini tarafa nyingine unalipa keshi kama mtu mwingine yeyote. Ukipewa rufaa kwenda hospitali, mara nyingi kadi iliishia mlangoni. Hiyo ndo wanayoikumbuka. Iliyokuja kuanzia 2018, CHF iliyoboreshwa, imebadilika vitu vikubwa viwili: kaya ya watu mpaka 6 ikawa inalipa 30,000 kwa mwaka, na kadi ikawa inapanda kwa rufaa kuanzia zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya mpaka hospitali ya rufaa ya mkoa, popote ndani ya mkoa. Yaani mtu wa Karagwe akiugua akiwa Muleba anatibiwa, na akipewa barua ya rufaa anafika mpaka hospitali ya mkoa Bukoba. Waambie wazee hivyo, bila kuwaambia kwamba walikosea, kwa sababu hawakukosea.

Hili la "hatukuumwa hela ikaliwa" ndo gumu kuliko yote na usilipitie haraka. Mtu analinganisha bima na akiba, kwamba nimeweka, sijatumia, basi irudi. Mi huwa nauliza swali moja tu: kwenye chama chenu cha kuzikana, kuna mtu aliwahi kuja kudai michango yake kwa sababu mwaka mzima hakufiwa? Hakuna, na akitokea mtamwona kachanganyikiwa. Watu wanaelewa vizuri sana kwamba mchango wa mwaka huu umemzika mama wa fulani na siku yangu ikifika watanizika. CHF ni hivyohivyo, tofauti ni kwamba yule aliyetibiwa kwa hela yako humjui, yuko kijiji kingine, kwa hiyo inaonekana kama imeliwa.

Twende kwenye hesabu maana wanaushirika wanapenda hesabu. Kaya 300 zikilipa 30,000 ni milioni 9. Katika kaya hizo wengi mwaka huu wataenda zahanati mara moja mbili tu, wachache watalazwa, na mmoja au wawili watafanyiwa operesheni. Milioni 9 ya watu 300 inaweza kuwabeba hao wachache, hasa ikichanganywa na ya kata na wilaya nyingine. Sasa chukua hiyo "kila mtu na lake". Watakaojitokeza ni nani? Ni huyo mama wa mtoto wa selimundu, mzee wa presha, mwenye sukari, aliyeambiwa ana ngiri na anasubiri kupasuliwa. Tuseme ni kaya 40. Hizo ni milioni 1 na laki 2, na wote ni wagonjwa. Mfuko wa namna hiyo unakufa, na ukifa kila mtu anasema si niliwaambia. Hili limeshatokea hapahapa kwetu, mwaka 2023 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilisitisha ile Toto Afya Kadi, bima ya mtoto mmoja mmoja, ikisema wazazi walikuwa wanawakatia zaidi watoto ambao tayari wanaumwa. Wazazi hawakuwa na nia mbaya, ni nani ana hela ya ziada ya kumkatia kadi mtoto anayecheza mpira na kupanda miti? Lakini mfuko hauangalii nia ya mtu.

Na hapa naomba bodi yako inielewe, kwa sababu ndo sababu kubwa inayofanya ushirika uwe mahali pazuri pa kuandikisha bima kuliko karibu kundi lolote jingine kijijini. Watu walijiunga AMCOS kwa ajili ya kahawa. Hakuna aliyejiunga kwa sababu anaumwa. Humo ndani kuna vijana wenye nguvu, wajane, wazee, wenye watoto 7 na wasio na mtoto, wagonjwa na wazima, wote wamechanganyika bila mtu kuwachagua. Mchanganyiko huo ndo bima inautafuta kwa tochi na kuukosa. Mkiingia wengi kwa pamoja mnaupeleka kwenye mfuko, ila mkiacha kila mtu aamue kivyake mnaupoteza na wanabaki wagonjwa peke yao.

Ndo maana wazo la ushirika na bima sio geni. Kilimanjaro, kuanzia 2011, wanachama wa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa huko, walikuwa na mpango wao wa afya kupitia vyama vya msingi vya kahawa. 2018 NHIF ikaja na Ushirika Afya kwa wanachama wa AMCOS za mazao kama kahawa, korosho, pamba, chai na tumbaku, ikaanza na 76,800 kwa mtu mzima na 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Ile kadi ilikuwa na nguvu kuliko CHF kwa sababu NHIF inafika mpaka hospitali kubwa nje ya mkoa, lakini piga hesabu ya baba, mama na watoto 4: 153,600 jumlisha 201,600, unapata 355,200. Kwa mkulima wa magunia 3 ya maganda hiyo ni ndoto. Na kwa sababu unalipa kwa kichwa, familia inajikuta inachagua nani aingie, na unajua watamchagua nani. CHF kwa kulipia kaya nzima inakwepa hilo kidogo. Ni kadi ndogo ukilinganisha na ile ya NHIF, sikatai, lakini 30,000 kwa watu 6 ni 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima.

Vijana sasa. Wazo lao la mfuko wenu wenyewe linatoka mahali pazuri, wanataka kuona hela yao, na baada ya mambo yaliyofanywa na baadhi ya viongozi wa ushirika nchi hii nani atawalaumu. Lakini kaya 300 ni chache mno kubeba magonjwa. Tuchukulie mna ile milioni 9, mwezi wa kwanza vijana wawili wa bodaboda wanagongana, miguu imevunjika, wanahitaji vyuma, na kila mmoja bili imefika milioni 3. Imebaki milioni 3 na mwaka bado una miezi 11. Mtamwambia nini atakayelazwa mwezi wa 5? Pia kuendesha bima kunahitaji leseni ya TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, huwezi tu kuamka ukaanzisha. Hata ule mpango wa KNCU ushirika haukusimama peke yake, nyuma yake kulikuwa na wataalamu wa bima na wafadhili wa nje waliosaidia kulipa ada.

Ila usiwakatishe tamaa, wape kazi wanayoiweza. Mfuko mdogo wa kusaidiana ndani ya ushirika, wa yale ambayo CHF haigusi: nauli ya kumpeleka mgonjwa Bukoba, chakula cha anayemuuguza wodini, mafuta ya gari usiku. Mgonjwa anaweza kuwa na kadi na rufaa mkononi akashindwa kwenda kwa kukosa nauli, na hiyo nauli ndo inamrudisha mtu kwenye butura vilevile. Hapo elfu mbilimbili za wanachama zinafanya kazi kubwa, zinaonekana, na hamhitaji leseni ya mtu.

Tukija kwenye dawa, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kadi haileti dawa siku hiyohiyo. Mtu anaenda na kadi anaambiwa dawa moja ipo, nyingine kanunue duka la dawa, na anatoka pale akiwa ameshaapa hatalipa tena. Ana haki ya kukasirika. Lakini ajue hela ya kununulia dawa pale zahanati inatoka wapi: sehemu ni mgao wa serikali, sehemu ni hela ya wanaolipa keshi, sehemu ni CHF na bima nyingine. Kituo kinaagiza MSD, bohari ya dawa ya serikali, na MSD wakikosa kuna utaratibu wa mshitiri, yaani muuzaji aliyeteuliwa na mkoa, kituo kinanunua kwake. Kituo chenye wanachama 20 wa CHF kinapata kidogo, hakina cha kuagizia. Kwa hiyo watu hawajiungi kwa sababu hakuna dawa, na sehemu ya sababu ya kukosa dawa ni kwamba watu hawajiungi. Lazima kundi kubwa lianze kwa pamoja na lianze na masharti.

Masharti ndo hapa. Kila zahanati na kituo kina kamati ya usimamizi na ndani yake kuna wawakilishi wa wananchi. Wajumbe wengi wa hizo kamati wanakaa tu, hawaulizi kitu. Hakikisheni mwanaushirika anayejua kusoma daftari anagombea nafasi humo, yule karani wenu wa mizani anafaa kabisa, mtu aliyezoea kuuliza kilo zimeenda wapi. Kila robo mwaka aulize: CHF imeingia kiasi gani, imenunua dawa gani, zipi zilikosekana na kwa siku ngapi. Halafu alete majibu kwenye mkutano wa ushirika. Kabla hata hamjalipa, bodi iende ikaongee na mganga mfawidhi, imwambie tunaleta kaya zaidi ya 200, tunataka kujua utajipangaje. Niamini, atawakaribisha chai.

Kuna wengine watakuambia si serikali inatibu bure wazee, wajawazito na watoto chini ya miaka 5. Kisera ni kweli, na wazee wa miaka 60 wasio na uwezo wana msamaha, vilevile baadhi ya magonjwa kama kifua kikuu na Ukimwi. Wenye msamaha waendelee kuudai, wasiuachie kwa sababu wamepata kadi. Ila hebu hesabu katika nyumba yako nani anabaki nje ya msamaha: mtoto wa miaka 9, binti wa sekondari, baba wa miaka 40 anayepanda mti kukata matawi. Hao ndo wanaofanya kazi ya shamba, na wakilala wao shamba linalala.

Mipaka ya CHF itaje mapema kwenye mkutano, usisubiri watu waigundue dirishani. Haivuki mkoa, kwa hiyo hospitali ya Bugando kule Mwanza usimwahidi mtu. Maduka ya dawa binafsi usiyategemee, na hospitali binafsi au za mashirika ya dini mpaka iwe na mkataba, ulizeni kila moja kwa jina. Ukiruka zahanati ukaenda moja kwa moja hospitali bila rufaa na sio dharura, jiandae kulipa. Mtu wa 7 kwenye kaya hayumo kwenye ile 30,000, na huku kwetu familia za watu 6 tu sio nyingi, achilia mbali mwenye nyumba mbili.

Hili la nyumba mbili sio utani, lina shida yake kubwa kwenye ushirika. Kwenye leja ya AMCOS mwanachama ni baba, lakini anayebeba mtoto kwenda kliniki ni mama. Mkikata hela kwa jina la mwanachama halafu uandikishaji ukafanyika ghalani siku ya kupima kahawa, atakuja baba peke yake, ataandikisha majina kwa kichwa, picha za watoto hazipo, na mke mdogo kasahaulika. Mwezi wa 11 mtoto anafika dirishani hayumo kwenye mfumo, na lawama zote kwako katibu. Kila anayetegemea kadi lazima aandikishwe na kupigwa picha. Fanyeni Jumamosi au Jumapili baada ya ibada, watoto hawako shule, waje na mama zao. Na mwenye kaya mbili alipie kadi mbili, aambiwe mbele ya watu mapema kabla ya makato.

Haya, makato yenyewe. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 mkutano mkuu ndo wenye kauli ya mwisho kwenye chama, sio bodi, na serikali imekuwa kali sana kwenye makato yasiyoeleweka kwenye hela ya mkulima. Mimi ningeenda hivi. Ajenda iwekwe wazi kwenye tangazo la mkutano mkuu, isichomekwe kwenye mengineyo. Mratibu wa CHF wa halmashauri aje ajibu maswali mwenyewe, na mganga mfawidhi awepo. Mkutano ukikubali kwamba ushirika uwe njia ya kulipia, kila mwanachama asaini fomu yake ya ridhaa, aandike kaya ina watu wangapi na kiasi cha kukatwa, anayekataa aandike anakataa na asisumbuliwe, hata kwenye pembejeo msimwekee kinyongo. Siku ya malipo makato ya bima yakae safu yake peke yake kwenye karatasi ya malipo, yasichanganywe na ushuru wa chama wala deni la mbolea. Kisha hela ilipwe haraka kwa namba ya malipo ya serikali, isikae kwa mhasibu wala kwenye akaunti ya chama "kwa muda". Majina ya waliolipiwa yabandikwe ukutani ghalani pamoja na nakala ya stakabadhi. Nimeshaona mipango mizuri ikifa kwa sababu tu ya wiki 3 za hela kukaa mahali ambapo hapakuwa pake, hata kama mwisho wa siku haikupotea senti.

Kuna wengine kukata mara moja kutawaumiza, mwenye kilo 40 ukimtoa 30,000 umemmaliza. Huyo msimsukume. Na hapa ndo nijibu la Rwanda, maana linapendwa sana kutajwa na nusu yake haitajwi. Mutuelle, bima yao ya afya ya jamii, ilianza kwa majaribio kwenye wilaya 3 mwaka 1999, baadaye sheria ikaifanya ya lazima, na toka 2015 inaendeshwa na RSSB, mfuko wa hifadhi ya jamii wa taifa. Kwa miaka mingi ada ilikuwa inategemea hali ya kaya, wengi faranga 3,000 kwa kila mtu, wenye uwezo 7,000, na masikini kabisa serikali ikiwalipia. Ukitibiwa ulikuwa unachangia pia, faranga 200 kituo cha afya na asilimia 10 ya bili hospitalini. Kwa hiyo sio kwamba Wanyarwanda wana moyo sana kuliko sisi, wana sheria inayosukuma, wana serikali inayomlipia asiyeweza, na wana kitu kingine ambacho nyie mnaweza kukiiga kesho bila kusubiri Dodoma: ibimina, vikundi vidogo vya kuweka akiba kidogokidogo mwaka mzima, na sehemu ya ile akiba inakuwa ya mutuelle. Ukigawa 30,000 kwa wiki 52 haifiki hata 600 kwa wiki. Kina mama wa vikoba hapo kijijini tayari wana sanduku na funguo 3, waongezeeni mfuko mmoja wa CHF. Mwenye kahawa nyingi akatwe mara moja, mwenye kidogo apitie kikoba.

Na asiyeweza hata hiyo 600? Yupo, unamjua. Kuna AMCOS zinatumia sehemu ya ziada ya mwaka kuwalipia wajane na walemavu wachache, mkutano mkuu ukiridhia ni jambo zuri. Msitumie mkopo wa benki kulipia bima za watu wote kwanza halafu mrudishe kwenye kahawa, msimu ukiwa mbaya mtabaki na deni na watu wameshatibiwa, hamna cha kuwanyang'anya.

Huyo mama wa mtoto wa selimundu yeye asisubiri mkutano wala msimu. Amwone afisa mwandikishaji wa kijiji sasa hivi ajiunge kivyake, 30,000 kwa mtoto mwenye selimundu inarudi kwa muda mfupi sana, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Lakini kadi ya CHF haitamfikisha Bugando, kwa hiyo aende hospitali ya wilaya akaulize kuhusu kliniki ya selimundu na rufaa, na kama hela haipo kabisa amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ndo mwenye utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo. Mtoto akipata homa kali, akishindwa kupumua vizuri, akilegea upande mmoja au akipauka ghafla, ni hospitali muda huohuo, kadi ipo au haipo.

Jambo la mwisho, bei. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, inataka kila mkazi awe kwenye bima na inaweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na utekelezaji wake unagusa hiyohiyo CHF. Kwa hiyo 30,000 hii ndo iliyokuwa ikitumika toka 2018 na huenda imebadilika, kabla hujaichapa kwenye fomu za ridhaa nenda mwenyewe ofisi ya mratibu wa CHF halmashauri, usitume ujumbe wa simu, ukamuulize kiwango cha mwaka huu ni kipi, kadi inaanza kufanya kazi siku ngapi baada ya kulipa, mtu wa 7 analipiwaje, na hospitali zipi za dini zina mkataba. Majibu aandike na kugonga muhuri. Ukitoka hapo pita kwa afisa ushirika wa wilaya na rasimu ya azimio lenu aisome kabla ya mkutano, maana akiipinga baada ya makato utarudisha hela za watu 300 mmoja mmoja, na kwa jinsi nijuavyo madaftari yetu hiyo kazi itakuchukua mpaka msimu unaofuata.